Mzigo wa Timbwani Ulivyovuka

Meneja wetu alishakata shauri kuifunga ofisi ya Timbwani, kule Likoni ng'ambo ya feri. Nilimwomba siku moja nikajionee kwanza. Kampuni yetu ya kusafirisha mizigo iliwaachisha kazi madereva wa mshahara, ikachukua bodaboda wa kuitwa kwa app. Tangu hapo mizigo ya Likoni huchelewa, wateja wanahama, na Mwanasha, anayeishika ofisi ile peke yake, hajui kama mwezi ujao ana kazi.

Asubuhi, Changamwe, kwenye ofisi kuu. Bodaboda kadhaa waliukataa mzigo walipoona tu neno Likoni. Aliyekubali ni Kazungu, nami nikapanda nyuma yake.

"Mbona wenzio wanakataa?"

"Kaka, ukiingoja feri na pikipiki, app hailipi kungoja. Ukizunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, petroli ndiyo hiyo imekwisha."

Kivukoni, upande wa kisiwani. Nilidhani tutapanga foleni. Wapi! Kazungu alimwachia pikipiki muuza mihogo, akajitwika mzigo, tukavuka na waenda kwa miguu. Ng'ambo alisimama Hamisi, bodaboda wa Likoni, na mzigo wa kwenda Changamwe. Wakabadilishana. Kila mmoja akabonyeza simu yake kwamba mzigo umefika, na Timbwani bado hatujaiona.

"App haitujui," Kazungu akanicheka. "Tunajuana wenyewe."

Timbwani. Hamisi alinifikisha chai ya saa nne ikiwa bado moto.

"Wallahi leo umewahi!" Mwanasha alisema. "Kina Hamisi ndio wanaonisitiri. Mwambie meneja, kaka yangu. Nimechoka kutukanwa kwa kosa la wengine."

Alasiri nilirudi Changamwe, nikaeleza yote. Meneja alisikiliza, akakubali: ofisi ibaki, mizigo yote ya Likoni wapokezane Kazungu na Hamisi. Akawaandikia wenye app, ili mtindo huo uwe halali.

Jioni jawabu likaja. Kazungu na Hamisi wamefungiwa app, kwa kusema mzigo umefika ilhali wako kivukoni.

"Basi tuwafungulie," nikasema.

"Tutawafunguliaje?" meneja akajibu. "App si yetu, twaikodi tu."

Nilijiona mpumbavu. Nilikwenda kutazama kwa nini kazi haiendi, nikawaponza waliokuwa wakiiendesha. Nilimpigia Mwanasha, nikampa habari ya ofisi kwanza. Alipiga kigelegele, akamshukuru Mungu. Halafu nikamwambia ya Kazungu na Hamisi.

Hapo akauliza:

"Sasa kesho mzigo ataleta nani?"