Aliyekuwa Akinipokelea Salamu

Mke wangu hakuwahi kushika rauta, na wala hakutaka. Kazi yake katika karakana yetu pale Kilosa ilikuwa kusimama karibu na swichi ya ukutani, kanga ameikaza kiunoni isiwe na ncha inayoning'inia, na kusalimiana na watu. Kwetu mtu hapiti mlangoni kwako kimyakimya, na akipita mkubwa wako wewe ndiye wa kuanza, la sivyo kesho yake utasikia habari zako sokoni. Sasa umeinamia mashine inayozunguka kwa kasi ile, kichwa utakiinuaje? Yeye ndiye aliyekuwa akiwaamkia wazee kwa niaba yangu. "Shikamoo babu. Fundi naye anakuamkia, mashine inawaka." Wadogo wakiniamkia, aliwaitikia marahaba yangu huko huko mlangoni. Mimi naendelea na mbao yangu.

Rauta yenyewe tuliinunua tulipopata kazi ya milango ya nyumba ya wageni kule Mikumi, kandokando ya barabara kuu. Kwa asiyeijua, ni mota yenye mishikio miwili, imekaa juu ya nguzo mbili zenye springi. Ukiikandamiza, biti yake, kile kisu kinachozunguka, inazama kwenye mbao, ukiilegeza, inapanda. Inachimba mfereji, inaviringisha ukingo, inachora pambo ambalo kwa mkono ungelihangaikia tangu asubuhi mpaka mgongo ulie. Ni mashine nzuri sana, lakini haina adabu. Ukiizembea inakula kidole kama inavyokula mninga.

Mke wangu alilijua hilo upesi kuliko mimi, na alinisimamia hana msalie mtume. Hakutaka kuona spana mkononi mwangu kabla ya kuona plagi imechomolewa ukutani. Biti niizamishe yote shingoni mwa mashine, kisha niirudishe nje kidogo tu, ndipo niikaze. Mbao ibanwe mezani pande zote mbili. Miwani machoni, kitambaa puani. Nijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Na kina kiwe kidogo, nipitishe, niongeze, nipitishe tena, nisitake kumaliza kwa mkupuo mmoja.

"Una haraka ya kwenda wapi?" aliniuliza kila nilipojitia ujuzi.

Sikuwa na haraka ya kwenda popote, maana niliyemtaka alikuwa amesimama hapo hapo pembeni ya swichi. Watoto wetu walishakwenda Morogoro kutafuta maisha yao, nyumba ilikuwa kimya, na sisi wawili tulikuwa tumezoeana kiasi kwamba kelele ya ile mashine haikutuzuia kuongea. Nikimtazama tu, anajua nataka msasa.

Kisha simu ikapigwa kutoka Lumuma, kwao mke wangu huko milimani. Mama mkwe alikuwa ameteleza kwenye mfereji wa shamba la vitunguu, nyonga imevunjika. Mke wangu ndiye binti pekee. Alibeba mkoba mdogo, akasema atarudi mama akianza kutembea, na mimi nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Mama hakuanza kutembea. Nikashauri tumlete mjini kwetu, karibu na hospitali. Mama mkwe akagoma katakata, akasema nyumbani kwake hatoki akiwa hai. Mke wangu akaniomba mimi ndiye nihamie kule. Nikamjibu kwamba kazi iko huku, Mikumi wananidai milango, na hakuna mteja atakayenifuata milimani. Akasema amenielewa. Tukawa mume na mke wa kwenye simu, na mtandao wa kule nao ni wa kubahatisha.

Nilimkumbuka jamani, si mchezo. Nilijikaza kisabuni mchana, nikapiga soga na mafundi wenzangu, lakini nikibaki peke yangu karakana ile ilikuwa kubwa kupita kiasi. Nilikumbuka alivyokuwa akikohoa vumbi la mninga likimpata, halafu anachukia kuambiwa atoke nje. Nilikumbuka maranda kwenye nywele zake, na jinsi alivyokataa nisimtolee mpaka amalize kusema alilokuwa akisema. Vitu vya kipuuzi kabisa. Ndivyo hivyo hivyo vilivyokuwa vikinijia nikiwa naweka kipimo cha kina.

Na salamu je? Sikuwa na wa kunipokelea. Kufunga mlango siwezi, joto la Kilosa na lile vumbi utazimia. Basi kila kivuli kikipita nazima, nasubiri biti isimame kabisa, nainua kichwa, "Shikamoo mama," nauliza habari za nyumbani, nawasha tena, nasubiri ishike kasi yake kamili kabla haijagusa mbao. Hujasukuma hata shibiri, anapita mwingine. Kazi ya asubuhi moja ilikula siku nzima. Siku nisipomwona mtu, maneno yakaanza kwamba tangu mkewe aondoke fundi amekuwa na maringo.

Hapo ndipo nilipopiga moyo konde na kuanza kabati. Alikuwa amelitaka miaka mingi, kabati la vyombo la mninga, milango yake ina mfereji uliopinda juu kama upinde. Siku zote kazi za watu zilitangulia. Nikampigia simu nikamwambia nimeanza. Alicheka, halafu mtandao ukakata. Nilijiaminisha kwamba likikamilika atarudi. Mtu mzima na akili zangu, nilikuwa nikiongea na mbao: tukimaliza mlango huu, anakuja.

Nilikuwa kwenye mlango wa pili, naviringisha ukingo wake wa nje. Hapo unasukuma kutoka kushoto kwenda kulia, ukipingana na mzunguko wa biti, maana ukiifuata inakotaka inakukimbiza. Kivuli kikaanguka juu ya mbao. Nikainua macho kidogo tu, nikaona viatu, nikaona fimbo, nikamtambua mjomba wa mke wangu. Katika ukoo wao mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba hatoki Lumuma kuja kutembea. Ama amemleta mke wangu, ama ameleta neno. Nikasahau yote niliyofundishwa, nikainuka na kuinama hapo hapo kwa heshima ya mkwe. "Shikamoo mjomba."

Mikono ikafuata kichwa. Rauta ikapinda, biti ikaingia ilikotaka, mashine ikaruka na kubomoa kona nzima ya mlango. Niliachia swichi ya mshikioni, nikaishikilia kwa nguvu zote mishikio yake yote miwili mpaka ikaacha kuzunguka.

Mjomba alisubiri mpaka nilipochomoa plagi. "Marahaba," akasema. "Umeumia?"

"Hapana."

Nilichungulia nyuma yake. Hakukuwa na mtu, ni lori la vitunguu tu lililosimama ng'ambo ya barabara. Nikamletea kiti. Alikaa, akaweka fimbo kati ya magoti, akawa anayatazama maranda sakafuni badala ya kunitazama mimi.

"Mwenzio amenituma," alisema. "Mama yake hatasimama tena, hilo tumelikubali. Anaweza kuishi miaka mingi, Mungu akipenda. Na yeye hamwachi. Anasema usimsubiri, mkwe wangu. Ukitaka kuoa mwingine, hana kinyongo."

Nilisikia kila neno, lakini nilichouliza kilikuwa cha kijinga. "Na kabati?"

"Amesema uliuze."

Nilikaa juu ya meza, kitu ambacho fundi hafanyi. Nikamuuliza mjomba kama mke wangu alilia alipokuwa akimpa maneno hayo.

"Sikuuona uso wake," akasema. "Alinipa mgongo, akawa anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu."

Namjua yule mwanamke. Ananipa mgongo pale anapotaka jambo mpaka linamuuma. Nilikuwa nimekaa miezi yote ile nikitengeneza sababu ya kumrudisha Kilosa, kumbe kule juu alikuwa akiniondolea sababu ya kumfuata, ili nisije nikajiona nimemtupa.

"Umeme umefika kwenu?" nikauliza.

Mjomba akainua macho. "Umeishia kwenye zahanati. Kwa mama mkwe wako bado."

"Basi nitakuja na patasi na nyundo."

"Na wateja wako?"

"Wao watapata fundi mwingine."

Akanyanyuka, akaenda kuongea na dereva wa lori. Wakishamaliza kushusha vitunguu wanarudi, alisema, na nyuma kuna nafasi. Nikaanza kufungasha.