Kisakinishi Mbele ya Kichwa cha Nguruwe

Kwetu Seoul, ukitaka tu kuona salio lako benki, kwanza usakinishe rundo la programu za ulinzi. Kazi ya Tak Yeon-ju, jirani yangu wa meza, ilikuwa kuzijaribu za kampuni yetu kabla hazijatoka. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa ukingoni. Sheria inasema ukipita hapo uajiriwe moja kwa moja, ndiyo maana makampuni hukutimua mapema kidogo. Meneja Maeng alimwahidi ajira ya kudumu kwa sharti moja: apitishe toleo jipya, la benki moja mteja wetu, kabla ya uzinduzi.

Yeon-ju akakuta tundu. Kisakinishi chetu, yaani kile kiprogramu cha kuzisakinisha, ukikifungua, hupewa mamlaka yote ya kompyuta. Kisha huokota faili ya kukisaidia kazi kutoka folda ya vipakuliwa, na hata hakiulizi nani kaiweka. Mhuni akitupia humo faili yake yenye jina hilohilo, inapanda cheo papo hapo na kuwa bosi wa kompyuta nzima.

"Nani ana muda wa kumtupia bibi wa kule mji wa Daegu takataka?" Maeng alimfokea.

"Wezi, bosi. Ndiyo kazi yao."

"Pitisha, binti. Usijichimbie kaburi."

Hakupitisha. Maeng akapitisha mwenyewe. Mimi nilimwona Yeon-ju mjinga, na nilimwambia.

"Dada, riziki inabisha hodi, wewe unaifungia mlango?"

"Mama yangu ana akaunti benki hiyo," akanijibu.

Siku ya uzinduzi tukaandaa meza ya tambiko: keki za mchele, pombe, na kichwa cha nguruwe anayechekelea, maana nguruwe aliyenuna huleta nuksi. Mainjinia na shahada zao wakakisujudia ili programu isigome. Mama Bok, mkurugenzi kutoka benki, alikuwa ameshika bahasha ya pesa ya kumtilia nguruwe mdomoni, sadaka ya baraka. Maeng akaketi kwenye kompyuta ya maonyesho, katika akaunti ya mgeni, ile isiyo na ruhusa ya kubadili hata saa.

"Bosi," Yeon-ju akasema mbele ya watu wote, "naomba kwanza upakue faili yangu moja."

"Ya nini?"

"Takataka tu. Si ulisema haina neno?"

Mama Bok akacheka. "Pakua, meneja. Unaogopa nini?"

Maeng akapakua, shingo imemwiva kwa hasira. Wala hakuifungua. Akafungua kisakinishi, akaandika nywila yake ya umeneja ili kipate mamlaka. Kioo kikapepesa. Akaunti ya mgeni ikawa msimamizi, ya Maeng ikafutwa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone; huyu wetu alimzika mwenyeji.

"Nani amekuruhusu?" Maeng akanguruma.

"Kisakinishi chako, bosi. Hakikuniuliza chochote."

Mama Bok akarudisha bahasha mkobani. Nguruwe akabaki mdomo wazi, na sisi vivyo hivyo.

Tundu likazibwa, uzinduzi ukaahirishwa, na Yeon-ju akaambiwa asante, mkataba umekwisha. Nilimbebea sanduku lake hadi chini, nina hasira kuliko yeye. Hapo mlangoni simu yake ikalia. Alikuwa Mama Bok: benki inamtaka aje akague kila programu wanayowasakinishia wateja. Nikaruka kwa furaha.

"Ya kudumu?" nikamnong'oneza.

Akaifunika simu kwa kiganja. "Miaka miwili."