Asubuhi Shule Yetu Ilipovuliwa Nyasi

Nilipopita mikaratusi ya pale konani nilisimama kama mtu aliyepigwa kofi. Shule yetu haikuwa na paa! Kuta za udongo zilikuwepo, mlango ulikuwepo, hata ubao niliuona kutoka barabarani kupitia ufa wa ukuta, kwa kuwa jua lilikuwa limeingia mpaka ndani. Lakini juu mbingu tupu, fito zimetokeza kama mbavu za ng'ombe mkondefu.

Nikajua tu: imefungwa. Na imefungwa kwa sababu yangu.

Wacha nieleze. Tuliishi kambi ya wafanyakazi katika shamba la mzungu mmoja, huko juu ya Nakuru. Baba alikamua ng'ombe, mama alichuma pareto. Shule ilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, na tuliijenga wenyewe. Kila Januari, kabla ya kufungua, kila mtoto alileta tita lake la nyasi za kuezekea. Kila nyumba ilikuwa na kamba yake ya kufungia tita. Yetu ilisukwa na uzi mwekundu wa leso kuukuu ya mama, na mimi wakati wa hesabu nilikuwa naitafuta tu kule juu paani.

Sasa, wiki ile mama alikuwa amejifungua siku tatu tu zilizopita. Akanituma kwa jirani kuomba moto. Nikapewa kaa zuri, nikalibeba kwenye kigae cha chungu. Njiani nikaanza mambo yangu: mimi ni mwalimu, nimevaa viatu, watoto wote wamesimama kunisalimu. Nilipofika mlangoni kwetu nilikiinua kile kigae juu, kama mwalimu anayeonyesha darasa kitu cha ajabu. Upepo ukachukua cheche. Nyasi za paa letu zilikuwa kavu kabisa. Mama alitoka na mtoto na blanketi moja, basi. Watu walipokuja mbio wakiuliza moto umetoka wapi, nikasema sijui.

Tukawekwa kwenye banda la ndama, upande wa pili wa kambi. Nyapara wa shamba akaja, akamwambia baba, "Sheria unaijua. Mtu bila nyumba hakai na familia hapa. Jumapili nikiwakuta bado bandani, mama na watoto wanapanda lori kwenda kwenu."

Hiyo "kwenu" ni magharibi, mbali sana. Mama hata kusimama vizuri alikuwa hawezi. Baba alikata miti, akasimamisha kuta, lakini nyasi angetoa wapi? Ng'ombe wa mzungu walikuwa wameshamaliza bonde lote, na mvua ilikuwa inanguruma upande wa ziwa.

Na sasa hata shule haipo, nikadhani wameibomoa kwa hasira ya moto wangu. Nikasikia kelele kutoka kambini, nikakimbia.

Watoto wote wa shule walikuwa kwetu. Wamepanga mstari, matita yanapita mkono kwa mkono. Juu ya nyumba yetu alikuwa mwalimu mwenyewe, shati amelitundika kwenye mti, anaezeka na baba. Nilibaki nimeduwaa.

"We mtoto, funga mdomo, nzi wataingia!" akasema bibi mmoja jirani yetu.

"Umechelewa!" mwalimu akanifokea kutoka juu. "Nyumba ni yenu, halafu wa mwisho kufika ni wewe!"

"Mwalimu... shule je?"

"Shule haina mtoto mchanga. Leta nyasi!"

Ndipo nikalia, nikalia kweli, nikasema mbele ya kambi nzima, "Ni mimi nilichoma! Nilisema sijui, lakini ni mimi!"

Mikono yote ikasimama. Kisha mama, aliyekuwa amekaa kivulini ananyonyesha, akasema polepole, "Nani hakujua? Ulisema hujui huku umeshika kigae mkononi."

Watu walicheka mpaka baba karibu ateleze. Mimi sikucheka. Niliwaangalia mmoja mmoja. Wote walijua tangu siku ile, na bado wameivua shule yao nguo kwa ajili yetu!

Jumapili nyapara alikuja. Akazunguka nyumba mara mbili, akatazama juu, akaenda zake.

Jumatatu mvua ikanyesha kweli kweli. Mwalimu alibeba ubao kichwani, na darasa lote likaja kusomea kwetu, tumebanana mpaka kwenye blanketi la mama. Hakuna tone lililopita. Nilitafuta uzi mwekundu nikauona, uko kwenye nyasi za paa, juu ya alipolala mtoto.

Mvua ilipokatika mama akasema moto umezimika, nani ataenda kwa jirani? Nyumba nzima ikanigeukia. Nikatamani ardhi inimeze.

"Aende yeye," mwalimu akasema. "Lakini darasa lote mumsindikize."

Basi nikarudi na kaa langu katikati ya njia ya matope, watoto mbele, watoto nyuma, wote wanapiga kelele, "Macho kwenye kaa! Macho kwenye kaa!"