Viazi vya Lukozi na Paka wa Waingereza

Gharama yote ilikuwa shilingi elfu themanini na tano: sabini na tano za gunia la viazi, kumi za bodaboda kutoka soko la Lukozi hadi ukweni. Muuzaji alitaka themanini. Nilibishana naye nusu saa, nikamshusha elfu tano, nikaondoka kifua mbele. Mama mkwe ndiye aliyenituma, viazi vya karamu. Alisema kwa kuhesabu hakuna wa kunizidi, na pale ukweni sifa hiyo ndiyo mali pekee niliyo nayo.

Viazi vya juu vilikuwa kama ngumi. Nilivihesabu mara mbili kupitia wavu uliofunga mdomo wa gunia. Gunia sikulifungua.

Mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe, kwa hiyo nilikaa barazani nikisikiliza ukuta. Viazi vya chini vikamwagwa, na sauti ya mama mkwe ikapanda.

"Hivi ni viazi au gololi?"

Binti yangu, yuko kidato cha tatu, alikuwa humo akimenya, akaona anitetee. "Bibi, hata Waingereza yaliwakuta. Wana msemo wao, kununua nguruwe kwenye gunia."

"Baba yako kaniletea nguruwe?"

"Hapana, bibi. Ni kulipia kitu hujakiona. Mwalimu anasema zamani sokoni kwao mtu aliuziwa gunia limefungwa, akaambiwa ndani mna kitoto cha nguruwe. Akifungua nyumbani, anatoka paka."

"Alitaka nguruwe, akapata paka?"

"Ndiyo."

"Basi hakupunjwa huyo, kaokolewa. Paka anakamata panya, na humu wamejaa. Mwambie baba yako, mwenzake angalau alirudi na paka."

Jibu nilikuwa nalo. Lakini mama mkwe hajibiwi, hata akiwa nyuma ya ukuta.

Siku ya soko nilirudi Lukozi na kiazi kimoja mfukoni. Muuzaji akakigeuzageuza. "Kaka, uliposhusha bei si nilikuonyesha gunia la pembeni, la bei hiyo? Ukasema gunia ni gunia."

Kweli, nilisema.

Sasa inakuja akika ya mjukuu, na mbuzi kaagizwa mkwe mwenzangu, mtu anayehesabu vidole vyake akapata tisa. Siwezi kukaa hivihivi. Jirani anagawa paka bure. Nimemkagua mara mbili, ana meno yote. Mnaojua mambo ya ukweni, nishaurini: nimpeleke mkononi, au kwenye gunia?