Kiherehere Changu Kwenye Redio Kilitupotezea Namba Kumi

Mwenye kosa ni mimi. Sio kocha, sio mvua, sio ile barabara ya kreta, na wala sio Gwandu mwenyewe kama watu wa hapa Karatu walivyomsema wiki nzima. Ni mimi! Jina siliweki, ingawa ukishuka stendi ukamuulizia dada wa redio utaletwa mpaka mlangoni.

Wewe unayesoma, nitegee sikio. Kila siku naandika shajara yangu, lakini hili nikiliandika mle ni kama namnong'oneza mtu ambaye tayari anajua. Bora nilitoe hadharani, hapa gazetini.

Nilimaliza fomu foo, matokeo yakawa ya kuvumiliana tu, nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya kupeleka watalii. Kazi yenyewe ni kukaa ofisini na redio kolu. Simu za mkononi huko juu kreta, kwenye hifadhi ya wanyama, hazishiki, kwa hiyo kila gari la watalii lina redio, na mimi ndiye ninayeyaita, nayauliza yako wapi, nayapa maagizo ya bosi. Kitu kimoja tu: kwenye redio hakuna siri. Ukibonyeza kitufe ukaongea, madereva wa kampuni zote wanakusikia, walioko kreta na walioko Serengeti.

Hilo nililijua. Siku ile nikalisahau.

Sasa mpira. Timu yetu ya mtaani ilikuwa na ugonjwa mmoja, namba kumi. Mabeki tunao, kipa tunaye, wa kutoa pasi ndiye hatuna. Tulishapata kijana mmoja wa Moshi, tukamwimba mpaka makoo yakakauka, akaenda Arusha kununua viatu na hadi leo hajarudi. Tukapata mwingine, huyo alikuwa fundi kweli, ila akisikia watu wanamshangilia anasahau goli liko upande gani.

Alipokuja Gwandu tukawa waoga. Mama Aika, yule Mchaga mwenye mgahawa wa mtori ambaye ndiye mwenyekiti wetu wa washabiki, akatoa amri: hakuna kumsifia huyu mpaka ligi iishe. Atakayemsifia atafua jezi za timu nzima. Na vumbi jekundu la Karatu mnalijua, halitoki kwa sabuni moja.

Gwandu ni Mwiraqw, mrefu, mwembamba, maneno machache. Alikuwa mpishi kwenye kampuni yetu hiyo hiyo, anakwenda na watalii kuwapikia kambini. Anakaa na mpira mguuni kama mtu anayesubiri chai ichemke, mabeki wanamjia, wewe roho juu, yeye wala. Halafu pasi inatoka, unabaki unajiuliza imepita wapi.

Mechi ya kwanza alipitisha mpira katikati ya mabeki wawili kama anachomeka uzi kwenye sindano. Upande wetu kimya! Mama Aika kajiziba mdomo na pindo la kanga, macho yamemtoka. Mzee mmoja akasema polepole, "Anajitahidi." Mimi nilishindwa, nikapiga kelele. Jumatatu yake nilikuwa bombani nafua jezi kumi na moja pamoja na za akiba.

Hofu yetu nyingine ilikuwa Endabash. Gwandu kwao ni Endabash, mama yake yuko huko, na timu ya Endabash walikuwa wanamtaka kufa. Kilichomweka Karatu ni ile kazi tu. Wote tulijua: kazi ikiwepo Gwandu ni wetu, kazi ikiisha Gwandu anarudi kwao.

Jamani, halafu nani akaja kuiharibu hiyo kazi?

Ilikuwa Jumapili, tunacheza na Mang'ola saa kumi jioni. Gwandu alikuwa juu kambini na watalii, wanatakiwa kushuka mchana. Dereva wao, Massawe, alikuwa ameniahidi kwamba hadi saa nane watakuwa Karatu. Muda ulikuwa unatosha kabisa. Lakini usiku ule ilinyesha, na asubuhi bado inanyesha. Wakati huo lami hatuna, barabara ya juu ikilowa inateleza kama umeipaka sabuni. Watu wakaanza kuja dirishani kwangu hata kanisani hawajaenda. Gwandu atafika? Gwandu yuko wapi? Mwalimu Sulle, kocha wetu, akawaambia watulie, Massawe hiyo barabara anaijua kuliko kitanda chake.

Wenzangu walitulia. Mimi mkono uliniwasha.

Bosi alikuwa Arusha. Nikafunga mlango, nikachukua maiki, nikaita lile gari. Massawe alikuwa bado amelala kwenye hema lake, akapokea Gwandu.

"Gwandu, bosi amesema ushuke sasa hivi na gari lolote utakalopata. Ova."

"Wageni nani atawapikia lanchi? Ova."

"Bosi anajua. Wewe shuka. Ova."

"Haya dada. Ova."

Hivyo tu! Uongo wa sekunde chache. Nikaweka maiki chini nikajiona mwanamke wa maana sana.

Gwandu akamwachia Massawe sufuria, akapata lori lililotoka Malambo na mbuzi. Halikufika mbali. Likazama kwenye matope, abiria wote chini kusukuma. Wanasukuma, linatoka, linazama tena mbele kidogo. Mvua ikakata. Jua likatoka. Kufika mchana, gari la Massawe likawapita hapo polepole, salama salimini, watalii ndani wanapiga picha lori la mbuzi. Massawe akapiga honi ya pole akaendelea zake. Hakujua kwamba yule mmoja aliyepakwa matope kuanzia kisogoni ni mpishi wake!

Nilipomwona Massawe anaingia uwani kabla hata ya saa nane, gari limejaa ila Gwandu hayumo, nilijua nimeharibu.

Gwandu alifika mapumziko yameshakwisha. Tunaongoza moja bila. Ananuka mbuzi, mapaja yanatetemeka. Mwalimu Sulle alisita, lakini washabiki tulimlilia amwingize, na sauti iliyolia zaidi ilikuwa hii yangu. Akamtoa kijana aliyekuwa anacheza vizuri tu, akamwingiza Gwandu. Maskini, pasi ya kwanza ilikwenda kwa refa. Ya pili misuli ikambana. Mang'ola wakarudisha, wakaongeza. Mbili moja.

Hayo ya mpira yangeisha. Kosa langu hasa, linalonifanya niandike, lilikuwa Jumatatu.

Bosi alirudi amekasirika. Wageni walikuwa wamelalamika kwamba mpishi aliwakimbia na lanchi wakala mkate na maharage ya kopo, ya baridi, aliyoyafungua dereva. Akatuita ofisini, mimi, Massawe na Gwandu. Gwandu akasema kwa adabu kwamba aliitwa na redio, kwamba ni amri ya bosi. Massawe akasema yeye aliambiwa hivyo na Gwandu, kwa masikio yake hakusikia kitu, alikuwa amelala. Bosi akanigeukia.

"Wewe ulimwita?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Neno moja tu! Gwandu ananiangalia, wala si kwa hasira, anasubiri tu niseme.

"Sikumbuki kumwita, bosi."

Eti sikumbuki! Na bado nikaishika maiki nikaifuta vumbi, nijifanye nina shughuli.

Bosi akamwambia Gwandu kwamba amedanganya ili akacheze mpira, achukue vitu vyake. Akachukua begi lake. Pale mlangoni akaniambia kwaheri dada, kama siku zote. Angenitukana ningelala usingizi.

Wiki hiyo ilikuwa chungu. Kwa Mama Aika mtori haupandi. Watu wakamgeuka Gwandu, mara mkimbizi wa kazi, mara kichwa kimevimba, mara ndiyo maana tulikatazana kumsifia. Na mimi nakaa humo humo, nakula, natikisa kichwa kama msiba si wa kwangu. Mama Aika akaniona nimekonda, akaanza maneno yake kwamba kumbe binti nilikuwa namtaka yule kijana. Sikuwa namtaka! Nilikuwa nataka pasi zake.

Halafu redio ikaanza kunizomea. Naita gari letu moja, anadakia dereva wa kampuni nyingine kabisa, "Dada, bosi amesema na mimi nishuke? Ova." Mwingine kutoka Serengeti, "Mimi nimeshapata lori la mbuzi, niende? Ova." Wanacheka mpaka redio inakwaruza. Kumbe asubuhi ile dunia nzima ilinisikia. Bosi tu ndiye hakuwepo hewani.

Ijumaa nikachoka. Nikajua kwamba nikisubiri bosi aingie ofisini nimwambie uso kwa uso, nitasema tena sikumbuki. Na muda ule alikuwa kwenye gari lake anatoka Mto wa Mbu, redio ameiwasha. Nikabonyeza kitufe, nikafumba macho.

"Magari yote mnaonisikia. Jumapili ile Gwandu nilimwita mimi. Bosi hakusema. Nilidanganya, na Jumatatu nikadanganya tena. Ova."

Nikaachia kitufe. Kisha sauti ya mbali, sijui ya nani:

"Tulijua, dada. Ova."

Na baada yake sauti ya bosi. "Nisubiri hapo hapo. Ova."

Nilitegemea kufukuzwa. Bosi alikaa akaniangalia weee, mwishowe akasema kunifukuza ni kunipumzisha. Adhabu yangu ni kubaki kwenye kile kiti, niendelee kusikiliza madereva. Na keshoye nifunge safari Endabash nikamwombe Gwandu msamaha mbele ya mama yake, nimwambie kazi yake ipo.

Nilikwenda na Mwalimu Sulle na Mama Aika. Mama Aika njia nzima hakunisemesha, isipokuwa kunikanyaga mguu gari lilipoyumba, na nina hakika halikuyumba kiasi hicho.

Tulimkuta shambani anavuna maharage. Mama yake akatukaribisha kwa makande na maziwa ya mgando. Nikapiga magoti nikasema yote, tangu maiki mpaka sikumbuki. Mama yake akasema kitu kwa Kiiraqw, nyumba nzima wakacheka. Mwalimu Sulle, ambaye ni Mwiraqw pia, alikataa kunitafsiria. Mpaka leo amekataa.

Gwandu akasema, "Siku ile ulivyosema hukumbuki, nilijiuliza labda umesahau kweli."

"Sikusahau."

"Najua. Nilikuwa nakutafutia sababu."

Hapo nililia. Akaniacha nilie, akaniongezea makande. Kazini akakubali kurudi. Mama Aika akapiga vigelegele, kanga hewani, anamwita baba, anamwita mwanangu. Gwandu akamsubiri amalize.

"Kazi nitarudi, mama. Ila mpira nimeshawapa neno vijana wa hapa. Nao walinipokea wakati sina pa kwenda."

Vigelegele vikafia njiani!

Ndiyo hali tuliyonayo. Gwandu anafanya kazi Karatu, analala Karatu, mtori anakula kwa Mama Aika. Jumapili anakwenda kuchezea Endabash.

Tulikutana nao mwisho wa ligi, mshindi apewe dume la ng'ombe. Asubuhi Gwandu yuko kreta na wageni. Massawe akaniita kwenye redio, wageni wamependa, wanaomba wabaki mpaka jioni, je, hilo gari lina kazi nyingine leo? Ratiba ilikuwa mbele yangu. Gari lilikuwa na wageni wengine wa kuchukua saa nane. Ningejibu halina kazi, Gwandu angekwama huko.

Mama Aika alikuwa dirishani. Akainama, sauti ya asali.

"Mwanangu, hivi hizi redio si huwa zinaharibika?"

Nikabonyeza. "Massawe, gari lina kazi saa nane. Shuka na mpishi wako. Ova."

Mama Aika aliniita jina ambalo gazeti halitaliandika.

Gwandu akawahi. Amelala vizuri, amekula vizuri, hanuki mbuzi. Akakaa na mpira wake kama anasubiri chai, akatoa pasi mbili, na zote mbili zilikuwa goli. Dume likaenda Endabash likiwa limevalishwa skafu yao ya kijani. Nilipiga makofi peke yangu upande wetu, na sasa hakuna sheria inayonikataza kumsifia, maana si wetu tena.

Sasa nyie wenzangu wa Rhotia, wa Mbulu, wa popote mlipopata kijana mpya mwaka huu na usingizi hamlali. Mwacheni! Akaange vitunguu vyake, apakie masufuria yake, ashuke na gari lake. Atafika. Na wewe ambaye mkono unakuwasha kama wangu, weka maiki chini, toka nje, kachote maji. Ukishindwa kabisa ukadanganya, basi siku ya kuulizwa kumbuka. Mimi nilisema sikumbuki, na ng'ombe wetu ameliwa Endabash.