Kambare Aliyeota Sharubu

Jerotich amefanya kazi ya maabara hapa Gaithersburg, Marekani, miaka kumi na tisa, na hapendi mambo ya kukisia. Mwulize kama chai ina sukari, ataonja kwanza ndipo ajibu. Kwa hiyo aliponunua tangi la samaki, sisi wanawake wa ushirika wa maombi wa Jumamosi tulijua tutacheka. Hatukujua tutacheka wiki saba.

Wiki saba tangi lilikaa sebuleni na maji matupu. Changarawe ipo, mimea ipo, samaki hakuna. Kila asubuhi kabla hajaingia barabara ya 270 kwenda kazini, Jerotich alichota maji kwenye kichupa, akatia matone, akangoja rangi. Kijani ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Njano ni salama. Alitia chembe za chakula zioze, ili bakteria wazuri wapate cha kula na kuzaana kwenye sponji ya chujio. Bila hao, alisema, samaki hawamalizi mwezi.

Wairimu, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyezoea kumwita kwa jina la bintiye, sasa alimwita mfugaji wa maji.

"Mama Audrey, nyinyi kwenu ni watu wa ng'ombe na maziwa. Hii mambo ya samaki ulitoa wapi?"

"Subiri tu uone," alijibu.

Samaki wakaja wachache wachache: kwanza tetra sita wa mstari wa buluu, baada ya wiki mbili kambare wadogo wanne wa kukaa chini. Mmoja hakuwa na sharubu upande wa kushoto. Kila Jumapili Jerotich aliweka simu kwenye kioo ili mama yake aliyeko Kapsabet awaone, na mama aliuliza kwanza habari za huyo. "Yule kilema wangu amekula?" Wakacheka wote wawili. Nafikiri tangi lile lilikuwa la mama zaidi kuliko la Jerotich.

Mwezi wa nane kaka yake, Mutai, akasema kamera ya simu ya mama imeharibika. Wakawa wanasikia sauti tu. Mwezi wa kumi mama akafa, ghafla, tuliambiwa, na Jerotich akasafiri kumzika. Funguo alimwachia Wairimu, pamoja na karatasi yenye mstari mmoja: walishe kidogo, usiguse chujio.

Sasa sisi tuna desturi. Mfiwa hakuti vumbi nyumbani kwake. Tulienda na ndoo, na ndoo moja nilishika mimi, sitajificha. Wairimu aliona ukungu wa kijani kwenye kioo, akasema hatuwezi kumwachia mtu wetu uchafu kama ule. Akawahamishia samaki kwenye beseni, akasugua tangi kwa dawa ya klorini, akafua sponji mpaka ikawa nyeupe, akajaza maji ya bomba. Lilimetameta. Siku mbili baadaye samaki wote walikuwa wanaelea.

Wairimu alinunua wengine, idadi ile ile, rangi ile ile. Tukakubaliana kunyamaza mpaka machozi yakauke.

Jerotich aliporudi alisimama mbele ya kioo akalia kwa shukrani. Akamvisha Wairimu leso ya marehemu mama yake. Nilitazama sakafu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu mezani kwake, tunakunywa chai. Jerotich aliinuka, akarudi na kichupa, akakiweka katikati ya vikombe. Maji yalikuwa kijani.

"Tangi langu haliwezi kuwa na amonia," alisema. "Na kilema wangu ameota sharubu. Wairimu, niambie."

Wairimu alieleza yote. "Hatukutaka kukustress, Mama Audrey. Ulikuwa na msiba. Ni ile ile tu tulifanya wakati mama alikuwa mgonjwa, tukaona..."

Akakoma. Hata mimi nilikuwa sijui la kuumwa kwa mama.

"Mgonjwa lini?"

"Mutai alinipigia. Mwezi wa nane. Alisema nisikwambie, usije ukaacha kazi."

"Kamera haikuharibika."

"Alikuwa amekonda sana. Hakutaka uone."

Miezi miwili. Ndege kutoka hapa mpaka Nairobi ni siku moja tu, hata ukiunganisha. Jerotich hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Jumapili zote zile ulikuwa umekaa hapa na mimi," alisema. "Uliniona nikimwambia mama kilema amekula."

"Nilikupenda. Nilifanya kwa kukupenda."

"Funguo kaa nayo, nitabadilisha kitasa. Leso ya mama nirudishie."

Wairimu aliifungua mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Baada ya mlango kufungwa, Jerotich alichota ndoo ya maji, akatia dawa ya kuondoa klorini, akaanza kubadilisha maji ya tangi polepole. Wale samaki wageni hawajamkosea, alisema.

Nilimwapia kwamba habari za mama yake sikuzijua. Akaniambia sawa. Tangu siku ile bado tunasali pamoja, bado ananipikia chai. Lakini nikimwambia kunanyesha, anaenda dirishani kuangalia.