Konokono wa Ruvuma, karatasi ya vijumba na kosa alilolikamata mama

Wakuu, nawasalimu wote, na walionizidi umri shikamooni, kama bado mpo humu. Nina miaka themanini na ushee, anayechapa ni mjukuu wangu. Nikiongopa yeye hatajua, ila Mungu anajua.

Miaka ya hamsini, bandari ya Mtwara bado mpya, nilikuwa karani wa majaribio kwa memsahibu mmoja mtaalamu wa viumbe wa baharini. Alikusanya konokono kuanzia Mikindani mpaka mdomo wa Ruvuma, wale wenye pembetatu mgongoni. (Wana sumu hao, msiwashike.)

Kazi yangu ilikuwa karatasi ya vijumba, yaani vimraba vidogo, maana alitaka kujua kama kanuni moja ndogo inatosha kuzaa zile pembetatu. Kila kijumba ni seli moja ya konokono. Kinatazama majirani watatu wa mstari wa juu, kisha kanuni inasema kipakwe wino au kiachwe.

Basi. Mstari baada ya mstari, wiki tatu. Kompyuta ilikuwa mimi.

Mara pembetatu zikaanza kutokea. Wakuu, mwili ulinisisimka. Hakuna aliyezichora!

Memsahibu aliahidi kwamba karatasi ikifanana na konokono, ataniandikia barua ya kuingia chuo cha ualimu. Isipofanana, narudi kwenye mikorosho. Meli yake inaondoka Ijumaa.

Jumatatu pembetatu zikafa, vijumba vya wino vikatapakaa ovyo kama doa linalotanuka kwenda chini. Nikaibeba karatasi mpaka nyumbani Mikindani, nimenyong'onyea kabisa.

Mama alikuwa barazani anasuka mkeka. Hakujua a wala be. Akataka kujua kilichonisibu, nikamweleza kanuni. Akaivuta karatasi, akaweka vidole kwenye kingo mbili za lile doa, akazifuata kupanda juu mpaka vidole vikakutana.

"Hapa uliruka," akasema. "Hata mkeka, ukiruka jani moja, ubaya unatanuka kadiri unavyoendelea."

Kweli. Kijumba kimoja tu! Nikaukwangua wino kwa wembe, nikarudia kuanzia pale, na Alhamisi pembetatu zikarudi.

Mama aliziangalia sana. Akauliza konokono anaelekezwa na nani. Nikamjibu hakuna, kila seli inamsikiliza jirani yake tu.

Akasema taratibu, "Subhanallah. Kumbe na wewe ulisukwa hivyo tumboni mwangu, na mimi nalima muhogo sina habari."

Ijumaa memsahibu akaona palipokwanguliwa, akauliza nani alilikamata kosa.

Nikasema ni mimi.

Barua nikapata. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote kwa barua ile. Mama alifurahi, hakuniuliza nilisema nini.

Juzi mjukuu kanionyesha kwenye laptop seli zikijipanga kuwa kiumbe. Kila moja inamtazama jirani, vilevile, ila kwa dakika moja. Nikalia mbele ya mtoto. Nikamwambia fungua uzi humu, andika.

Funzo nililopata ni kwamba siku ile niliruka jina moja, na kosa hilo limetanuka mpaka leo.

Aliyelikamata kosa ni Somoe binti Hamisi, msuka mikeka wa Mikindani, mama yangu.

Nanyi mlimruka nani? Mtajeni hapa chini, mjukuu atanisomea.